Neno la Mzee na Hesabu za Mwalimu: Mhadhara wa Kumkumbuka Profesa Bethwell Allan Ogot



Tarehe 30 Januari 2025 Profesa Bethwell Allan Ogot alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 95. Tangu siku hiyo ametajwa kwa vyeo vyake, navyo havikuwa vichache: mkuu wa Idara ya Historia, Naibu Makamu wa Chansela, mkurugenzi wa taasisi, rais wa kamati ya UNESCO, Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Sikuja kuvisoma vyote mbele yenu. Nimekuja kuzungumzia kazi aliyoifanya kabla ya vyeo hivyo, kazi iliyompa haki ya kuvipata. Alikwenda kwa mzee wa kijijini, akamsikiliza kwa makini, akaliandika neno lake, kisha akalipima kwa ukali uleule ambao hakimu mwadilifu hulipima neno la shahidi.

Hoja yangu ni hii. Ogot alitufundisha kumheshimu mzee kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuamini kwamba mzee huyo anajua. Ya pili ni kuthubutu kumuuliza amejuaje, na kwenda kumuuliza jirani yake vilevile. Ukiiacha heshima ya kwanza, historia ya Afrika itabaki mikononi mwa wageni walioandika barua na ripoti. Ukiiacha ya pili, utabaki na sifa za ukoo zilizovishwa joho la chuo kikuu. Ogot alizishika zote mbili kwa miaka zaidi ya sitini. Sisi tuliobaki tunazidi kuziachanisha, na hilo ndilo linalonisimamisha hapa.

Mwalimu wa hisabati

Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1929 huko Gem, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya. Alisoma Maseno, kisha Makerere kuanzia 1950 hadi 1952. Alipotoka Makerere alifundisha katika Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu, wakati shule hiyo ikiongozwa na Carey Francis. Somo alilofundisha lilikuwa hisabati. Mwaka 1955 alikwenda Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, akarudi mwaka 1959 akiwa na shahada ya historia.

Wengi huupita ukurasa huu haraka, wakiona kwamba hisabati ilikuwa njia tu ya kumfikisha kwenye historia. Mimi naona kwamba hisabati haikumtoka kamwe. Mtu aliyezoea kumwambia mwanafunzi aonyeshe jibu lake limepatikanaje hawezi kuridhika na simulizi kwa sababu tu ni tamu au kwa sababu msimulizi ana mvi. Ataomba hatua zote. Nidhamu hiyo ndiyo aliyoipeleka kwenye maboma ya Nyanza.

Shaka ya wakati ule

Vijana mliomo humu mmekulia katika dunia ambayo kila chuo kikuu kinafundisha historia ya Afrika, kwa hiyo ni vizuri tukumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao Kenya ilipata uhuru, mwanahistoria maarufu wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alitangaza hadharani kwamba Afrika haikuwa na historia ya kufundishwa, ila historia ya Wazungu waliokuwa ndani ya Afrika. Yaliyobaki kwake yalikuwa giza. Hakuwa mpiga domo wa barabarani. Alikuwa profesa mwenye kiti cha heshima, na alikuwa akisema waziwazi mambo ambayo wenzake wengi waliyaamini kimyakimya.

Msingi wa imani hiyo ulikuwa sharti moja: historia ni maandishi, na pasipo maandishi hakuna historia. Kwa pwani yetu sharti hilo lilikuwa na nafuu kidogo, kwa kuwa kulikuwa na tarihi za miji, tenzi, na barua kwa hati ya Kiarabu. Kwa watu wa bara lilikuwa hukumu ya kufutwa. Mjaluo, Mluhya, Mkikuyu, Mpare na Mganda wote walianza kuwapo duniani siku ile mgeni wa kwanza alipofungua daftari lake.

Ogot alipoanza utafiti wa shahada ya uzamivu chini ya Chuo Kikuu cha London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichagua kuiandika historia ya watu wake tangu mwaka 1500, karne nne kabla ya daftari hilo. Jan Vansina wa Ubelgiji alikuwa ndiyo kwanza amechapisha, mwaka 1961, kitabu chake cha nadharia kuhusu mapokeo simulizi. Njia ilikuwa mpya, na wakaguzi wenye shaka walikuwa wengi. Tasnifu ile ilipokubaliwa, na kitabu chake History of the Southern Luo kilipotoka Nairobi mwaka 1967, lililopita mtihani halikuwa jina la Ogot peke yake. Neno la mzee asiyejua kusoma lilikuwa limesimama mbele ya jopo la maprofesa, likapimwa, likakubaliwa kuwa ushahidi.

Jinsi neno linavyopimwa

Naomba tukae kidogo hapa, maana ndipo ulipo urithi wenyewe.

Kwa Wajaluo, historia ilikuwa na mahali pake pa kusomeshwa. Wanaume walikaa duol, kibanda cha mwenye boma, jioni moto ukiwaka, vijana wakisikiliza wakubwa wakizungumza kuhusu mipaka, vita, ndoa na uhamaji. Wasichana walilala siwindhe, nyumba ya bibi, na huko wakapata ngano, nasaba na maadili. Ogot alizitambua asasi hizi kuwa ni shule. Mtafiti akishaelewa hivyo hamwendei mzee kumwomba hadithi. Anakwenda kukagua elimu iliyopokewa kwa utaratibu, kutoka kwa mwalimu anayejulikana.

Lakini duol ni ya ukoo, na ukoo una maslahi yake. Mzee wa ukoo ulioshinda ugomvi wa ardhi atakwambia kwamba babu zake walikuta pori tupu. Mzee wa ukoo uliofukuzwa atakutajia majina ya waliozikwa katika pori hilo. Mtafiti mvivu atamchagua mmoja na kumwita mwenye busara. Mtafiti wa shule ya Ogot atawasikiliza wote wawili, kisha atamtafuta wa tatu asiye na shamba katika ugomvi ule: shemeji, jirani wa lugha nyingine, ukoo uliopita njia na kuendelea na safari. Watu wasiopendana wanapokubaliana juu ya jambo moja, bila mmoja kufaidika kwa kukubali, hapo mwanahistoria anaweza kuanza kuandika.

Kisha zinakuja hesabu. Nasaba ni orodha ya majina isiyo na mwaka. Ili kupata mwaka, ni lazima ukadirie urefu wa kizazi. Chukua nasaba ya vizazi 12. Ukikadiria miaka 25 kwa kizazi, umerudi nyuma miaka 300. Ukikadiria miaka 30, umerudi miaka 360. Tofauti ya miaka mitano, ambayo kwa maisha ya mtu mmoja tunaweza kuipuuza, imezaa kosa la miaka 60. Tena wasimulizi huruka majina ya waliokufa bila watoto, na mara nyingine ndugu wawili waliofuatana hugeuzwa baba na mwana. Kwa hiyo nasaba moja haithibitishi kitu. Unahitaji nyingi, za koo mbalimbali, uzipange bega kwa bega uone zinakutana wapi. Kazi hiyo haina mbwembwe. Inahitaji karatasi, subira, na mtu ambaye hesabu hazimtishi.

Matunda yake ni kwamba historia ya Wajaluo wa Kenya ilipata umbo. Badala ya hadithi ya msafara mmoja uliomfuata babu yao Ramogi kutoka kaskazini hadi Nyanza, Ogot alionyesha mwendo wa vizazi vingi, wa makundi tofauti, kutoka maeneo ya Bahr el Ghazal katika Sudan Kusini ya leo, kupitia Uganda, hadi kando ya Ziwa Viktoria. Joka-Jok walitangulia na kufanya makao katika eneo la Got Ramogi. Jok'Owiny na Jok'Omolo walikuja kwa njia zao na kwa nyakati zao. Wengine walibaki Padhola, Uganda ya mashariki, na wazao wao wako huko hadi leo. Halafu wapo Abasuba, watu wenye asili ya Kibantu, ambao wengi wao kwa muda mrefu waliingia katika lugha na desturi za Kijaluo.

Tazameni vizuri matokeo hayo. Mtu alitoka kwenda kuandika historia ya kabila lake, akarudi na ushahidi kwamba kabila lake ni mkusanyiko wa safari nyingi, mapatano mengi na damu nyingi. Angetaka sifa za nyumbani, angeinyamazisha sehemu ya Abasuba na kumkuza Ramogi. Kipimo hakikumruhusu.

Kujenga nyumba ya fani

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Historia tunayoifundisha leo katika shule zetu iliundwa, na Ogot alikuwa miongoni mwa mafundi wakuu. Alikwenda Nairobi mwaka 1964, akaiongoza Idara ya Historia ya chuo kikuu cha huko, na mwaka 1966 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Historia cha Kenya. Mikutano ya chama hicho ilichapishwa katika mfululizo ulioitwa Hadith, toleo la kwanza likitoka mwaka 1968. Mwaka huohuo, akiwa mhariri pamoja na J. A. Kieran, alitoa Zamani, kitabu kilichoweka historia ya pwani na ya bara la Afrika Mashariki ndani ya jalada moja. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania vilijifunza humo kwamba Kilwa na Buganda, Mombasa na Unyamwezi, ni sura za kitabu kimoja.

Vitabu hivyo vilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi, na jambo hilo lina uzito. Katika miaka ile mtaala wetu ulitegemea wachapishaji wa London, na anayechapisha ndiye anayeamua nini kinastahili kusomwa. Kuwa na mchapishaji nyumbani kulimaanisha kwamba swali lililoulizwa Siaya au Murang'a lingeweza kupata jibu lililochapishwa bila kwanza kumpendeza mhariri aliyeko ng'ambo ya bahari.

Kizazi kizima kilifanya kazi katika uwanja huo. Gideon Were aliandika historia ya Abaluyia, na mwaka 1967 akachapisha pia matini za mahojiano aliyoyafanya Magharibi mwa Kenya, ili msomaji aweze kuukagua ushahidi mwenyewe. Godfrey Muriuki aliandika juu ya Wakikuyu, William Ochieng' juu ya Abagusii, Henry Mwanzi juu ya Wakipsigis. Ng'ambo ya mpaka, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Isaria Kimambo alitoa mwaka 1969 historia ya siasa za Wapare tangu 1500 hadi 1900, kwa njia hiyohiyo ya kuwasikiliza wazee na kuwapima.

Kisha kazi hiyo ikapata meza kubwa zaidi. UNESCO ilikuwa imeamua mwaka 1964 kuiandika Historia Kuu ya Afrika katika majuzuu manane, chini ya kamati ya wanataaluma 39, theluthi mbili yao wakiwa Waafrika. Ogot aliiongoza kamati hiyo akiwa rais wake kuanzia 1978 hadi 1983. Alihariri pia juzuu la tano, lililotoka mwaka 1992, kuhusu karne ya 16 hadi ya 18, yaani karne zilizobeba sehemu kubwa ya biashara ya utumwa ya Atlantiki. Yule mwalimu wa hisabati kutoka Gem sasa alikuwa anasimamia jibu la bara zima kwa kauli ya yule profesa wa Oxford ya mwaka 1963.

Lawama zinazostahili kusikilizwa

Mhadhara wa kumbukumbu usiosikiliza lawama haumheshimu mwanataaluma, humgeuza sanamu. Ogot alilaumiwa, na baadhi ya waliomlaumu walikuwa watu makini.

Lawama ya kwanza ilitoka kwa wanahistoria wa mrengo wa kushoto katika miaka ya 1970. Walisema kwamba historia ya koo na uhamaji ilisahau tabaka, unyonyaji na ubeberu. Kwamba ilimrudishia Mwafrika fahari yake bila kumweleza kwa nini bado ni maskini. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Nasaba haikuelezi bei ya pamba. Hata hivyo najiuliza, uchambuzi wa unyonyaji ungeanzia wapi kama watu wanaonyonywa hawakuwa na historia kabla ya kunyonywa? Kazi moja iliitangulia nyingine, na hazikuwa na haja ya kugombana.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Inauliza kama kuandika historia ya kabila moja moja, katika nchi changa yenye mivutano ya kikabila, si kuchochea moto. Swali hili linatuuma hasa sisi Wakenya. Jibu langu nimekwisha kuligusa. Historia ya kabila iliyopimwa sawasawa huonyesha jinsi kabila lilivyojengeka, na mtu aliyeelewa jinsi lilivyojengeka hawezi kudanganywa kirahisi kwamba lilishuka kutoka mbinguni likiwa kamili na mipaka yake mkononi. Kinachochoma nchi ni simulizi isiyopimwa, inayopandishwa jukwaani wakati wa kampeni.

Tena Ogot hakuogopa kusema yasiyopendwa. Mwaka 1972, wakati wengi walitaka historia ya Mau Mau iandikwe kama shairi la mashujaa na wasaliti, alichapisha utafiti kuhusu wazee waliosimama upande wa serikali ya kikoloni, akitaka kuelewa sababu zao. Kuelewa si kutetea. Lakini nchi isiyotaka kuelewa nusu ya watu wake haitaielewa vita yake yenyewe.

Miaka ya ustaafu

Kuna maprofesa wanaostaafu kutoka kazini, na kuna wanaostaafu kutoka kwenye mikutano ili hatimaye wafanye kazi. Ogot alikuwa wa aina ya pili. Baada ya Nairobi, Taasisi ya Leakey na Chuo Kikuu cha Kenyatta, alikwenda Maseno kujenga utafiti na masomo ya uzamili, na hapo ndipo alipobaki na hadhi ya profesa mstaafu. Tangu 2003 hadi 2013 alikuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Kabla ya mwaka huo wa 2003, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vyote vya umma. Ogot alikuwa miongoni mwa wanataaluma na raia wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Ila nawaomba mtazame zaidi vitabu. Tawasifu yake, My Footprints on the Sands of Time, ilitoka mwaka 2003. Mwaka 2009, akiwa na miaka 80, alitoa historia pana ya watu wote wanaosema lugha za Kiluo katika Afrika Mashariki, akirudia na kupanua kazi ya ujanani. Mwaka 2012 alitoa Kenyans, Who Are We?, na swali lililo katika jina la kitabu hicho linaonyesha kwamba alikuwa ameivusha hoja yake kutoka ukoo hadi taifa. Vitabu hivi vya mwisho vilichapishwa Kisumu na Anyange Press. Uchapishaji wa nyumbani ulikuwa bado ni imani yake, miaka arobaini baadaye.

Wala hakufanya hayo peke yake. Mkewe, Grace Ogot, muuguzi, mtangazaji, mbunge na mwandishi wa The Promised Land ya mwaka 1966, alichota katika kisima hichohicho cha masimulizi. Mume alizipeleka simulizi mbele ya mizani ya historia; mke akazipeleka kwenye riwaya na hadithi fupi, na mwaka 1983 akaandika Miaha kwa Kijaluo. Mama Grace alitutoka tarehe 18 Machi 2015. Ukitaka kujua thamani ya siwindhe, soma vitabu vya nyumba ile moja, vya mume na vya mke.

Deni letu

Sasa niseme lililonileta. Leo kumsifu mzee ni rahisi kuliko wakati wowote. Kila mtu ana simu ya kurekodi. Video za wazee wakisimulia asili ya koo zao zinasambaa kila siku, na waandishi wa maoni wanashangilia au kutukana kulingana na ukoo wao. Tuna sauti nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo Ogot akiwa na daftari lake, na tuna vipimo vichache zaidi. Hatuandiki mzee alirekodiwa wapi, lini, na nani aliyekuwapo. Hatumuulizi alifunzwa na nani. Hatuendi kwa jirani.

Vyuo vikuu navyo vina deni. Naziomba idara zetu za historia ziifanye kazi ya uwandani kuwa sharti la shahada ya kwanza: kila mwanafunzi amhoji mzee mmoja wa nyumbani kwao na mmoja wa jamii jirani juu ya tukio lilelile, aandike maneno yao kamili katika lugha waliyoyasema, aweke tafsiri ya Kiswahili kando yake, na aeleze yanapokubaliana na yanapopingana. Naziomba maktaba zetu zizipokee kazi hizo kwa kumbukumbu rasmi, zikiwa na majina ya wasimulizi waliotoa idhini, ili mtafiti wa mwaka 2080 azikute. Were alitufundisha mwaka 1967 kwamba ushahidi unaofichwa hauna kazi.

Naviomba pia vyombo vyetu vya uchapishaji viitafsiri History of the Southern Luo na Zamani kwa Kiswahili. Wajukuu wa wazee waliohojiwa miaka ya 1960 wana haki ya kusoma yale ambayo babu zao walisema, bila kwanza kupita kwa Kiingereza.

Na ninyi wanafunzi, nina agizo kwenu. Likizo hii inayokuja, kaeni na mzee mmoja. Msikilizeni hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha muulizeni kwa adabu swali la nidhamu ya Ogot: umelijuaje hili, na nani mwingine analijua? Andikeni jibu lake, wekeni tarehe, halafu nendeni kwa huyo mwingine.